Mfarishi wa buluu unaong'aa: ugeuze kwanza uone mgongo

Marahaba dadangu, na samahani kwa kukukalisha, swali lako nimelizunguka wiki nzima manake kila nikianza kujibu naona kumbe ni maswali manne yamevaa kanzu moja. Kwa wengine mnaosoma: dada huyu ni mtu wa Mombasa, yuko Lowell kule Massachusetts, anamtunza bibi mmoja mzee sana, na kwenye chumba cha wageni cha huyo bibi kuna mfarishi (mnaouita kwilti nawaelewa, ni kitu hicho hicho) wa buluu iliyokoza, wa sufu, mzito, juu unang'aa kama mbao iliyopigwa vanishi. Hauna viraka vya rangi rangi, ni rangi moja mwanzo mwisho, ila umeshonwa maua makubwa na majani kwa sindano. Bibi anasema ni "linsi-wulsi", kwamba nyanya wa nyanya yake alisokota uzi, akafuma, akashona, yote kwa mkono wake, kabla Marekani haijawa nchi. Sasa mtoto wa bibi anataka dada autie kwenye mashine ya kufua kwa sababu una vumbi. Dada anauliza: ni wa zamani kweli? Waling'arishaje? Aufue? Na yeye, kwa vile ni mshonaji, anaweza kushona wa namna ile?

La kufua nalijibu saa hii hii: usifue. Si kwa mashine, si kwa mkono, si kwenye beseni la maji baridi na sabuni ya mtoto. Mwambie huyo mtoto wa bibi fundi amekataa, lawama anibebeshe mimi. Sababu zitakuja tukifika kwenye mng'ao.

Halafu fanya hivi. Nawa mikono, vua pete na bangili, tandaza shuka safi kitandani, uukunje mfarishi upande mmoja uutazame mgongoni. Watu wote wanaoona mifarishi hii wanaangalia juu, kwenye maua, na mimi mwenyewe mwanzo nilikuwa hivyo hivyo. Lakini mgongo ndo unasema nani alifanya nini. Nakisia utakuta kitambaa cha sufu pia, ila kingine kabisa, kizitokizito, kimelegea, uzi wake mara mnene mara mwembamba, rangi ya manjano au kahawia au ile ya kondoo mwenyewe, na pengine kimeungwa vipande vitano sita vya blanketi zilizokwisha. Kama ndivyo, bibi ana haki nusu. Mgongo ulifumwa nyumbani au kwa mfumaji wa jirani. Ule uso wa buluu unaong'aa karibu hakika haukufumwa nyumbani, ulinunuliwa dukani na ulivuka bahari.

Najua hili linawaumiza wenye mifarishi. Kila familia ya New England (yale majimbo ya kaskazini mashariki ya Marekani, Massachusetts, Connecticut, Maine na jirani zao) inapenda ile hadithi ya mama kwenye gurudumu la kusokotea karibu na moto. Na gurudumu lilikuwepo kweli, sikatai. Ila tuangalie kitambaa chenyewe.

Sufu ina njia mbili. Ya kwanza unaichambua kwa vibao viwili vyenye meno ya waya, nyuzi zinajipanga ovyo, ukisokota unapata uzi wenye manyoya, laini, wenye hewa ndani, huo ndo wa blanketi. Njia ya pili unachukua sufu ya kondoo mwenye manyoya marefu, unaichana kwa machanuo ya meno marefu ya chuma yaliyopashwa moto, ile mifupi inabaki kwenye chanuo na ile mirefu inatoka imelala sambamba kama nywele zilizochanwa na kupakwa mafuta. Ukiisokota hiyo unapata uzi mwembamba, mgumu, mlaini juu, unaitwa wustedi. Ndo uzi wa suti nzuri mpaka leo. Kuchana ilikuwa kazi ya mafundi wanaume waliosomea, na vitambaa vya wustedi vilikuwa na mji wake, Norwich, mashariki ya Uingereza, baadaye Yorkshire nako wakashika kasi. Huko walifuma vitambaa vyembamba vya majina kibao: tami, ambao ni mfumo wa kawaida wa uzi juu uzi chini, shaluni wenye mistari ya mshazari, na kalamanko wenye mfumo wa satini, uzi unaruka juu ya wenzake kadhaa kabla ya kuzama. Wauzaji wa vitu vya kale siku hizi wanaita yote kalamanko kwa sababu jina linapendeza mdomoni, lakini ukichukua lenzi ndogo ukaangalia, mingi utakuta ni mfumo wa kawaida tu. Angalia wako uniambie.

Na linsi-wulsi? Hiyo ni kitu kingine. Linsi-wulsi ni kitambaa chenye mtande wa kitani na mshindio wa sufu, yaani nyuzi za urefu ni kitani na za kupita ni sufu. Ilikuwa nguo ya kazi, ngumu, inakwaruza, ya bei ya chini. Jina likabandikwa kwenye mifarishi hii na wakusanyaji wa baadaye, likaganda, mpaka leo utaliona kwenye minada. Kuhakikisha si kazi: kitani hakinyonyi rangi ya sufu sawasawa, kwahiyo kama kungekuwa na kitani mara nyingi ungeona vidoadoa vilivyopauka ndani ya buluu ukitazama kwa karibu. Kama buluu imeenea kote kote basi yaelekea ni sufu kwa sufu. Kuna watu watakwambia uchome uzi, sufu inanuka nywele zilizoungua na kitani kinanuka karatasi, ni kweli kabisa, ila usichome chochote ndani ya nyumba ya mzee wa watu, lenzi inatosha.

Haya, mng'ao. Watu wameniuliza kama ni mafuta, kama ni nta, kama ni ute wa yai. Mng'ao wa vitambaa hivi ni joto na mgandamizo. Kitambaa kikishafumwa na kutiwa rangi kilikunjwa kunjwa, katikati ya kila mkunjo wakaweka karatasi ngumu iliyolainishwa, wakapanga na sahani za chuma za moto, halafu wakakaza kwenye shinikizo na kuacha. Zile nyuzi za wustedi ambazo tayari zimelala sambamba zinapigwa bapa zinakuwa kama kioo. Na ndo maana kwa blanketi la kawaida hauwezi kufanya hivyo, manyoya yanasimama tena. Sasa fikiria: kitu kilicholazwa na joto na uzito, adui yake ni nini? Maji. Ukilowesha, nyuzi zinavimba, zinarudi umbo lake la duara, mng'ao unaondoka, na hamna pasi ya nyumbani itakayourudisha. Mimi nimejifunza hili kwa pesa yangu, nilinunua mnadani kipande kidogo cha mfarishi wa kijani kilichokwishachanika, nikasema nitajaribu tu kona na kitambaa chenye unyevu, si zaidi ya kiganja. Kile kiganja mpaka leo kimefubaa kama ubao wa shule, pembeni yake panang'aa. Nimekiweka ukutani juu ya meza yangu ya kazi, kila nikitaka kuwa na haraka nakiangalia.

Na mng'ao ukiondoka hiyo ni hasara ndogo bado. Nyuzi za sufu zina magamba madogo madogo, kwenye maji moto na msukosuko yanashikana na kitambaa kinajikusanya. Juu una wustedi, katikati una sufu ya kujazia, chini una kitambaa cha nyumbani kilicholegea, kila kimoja kitajikunja kwa kiasi chake. Utatoa kwenye mashine kitu kama godoro la paka.

Buluu yenyewe karibu hakika ni nili, ile rangi ya buluu inayotoka kwenye mmea. Mgongoni kama kuna uzi wa buluu nao ni nili, ila wa sufuria ya nyumbani, na hapa nikupe kichekesho kidogo: mama wa nyumba wa New England alikuwa na chungu cha nili karibu na moto, na kilichofanya nili iyeyuke na kushika kwenye uzi kilikuwa mkojo wa nyumba nzima uliochachushwa. Watoto walijua chungu kiko wapi, na walijua kwa nini. Uso wa mfarishi lakini ulitiwa rangi hukohuko Uingereza kabla ya kupanda meli. Mbali na buluu kuna waridi na nyekundu, kuna kijani (nili juu ya manjano), kuna kahawia. Hizi za kahawia na nyeusi ndo nazionea huruma zaidi, rangi zilizotengenezwa kwa chuma zinakula uzi taratibu, unakuta kitambaa kinadondoka unga na hakuna aliyekigusa.

Umesema hauna viungo, ni kipande kimoja. Angalia tena, hasa ndani ya mita moja kutoka kila ubavu, fuata kwa kidole. Kwa lugha ya watu wa kazi hii unaitwa mfarishi wa kitambaa kizima, lakini jina linadanganya kidogo, lina maana tu kwamba pambo lake si viraka, pambo ni mshono wenyewe. Kitambaa hakikuwa kipana kiasi hicho. Mfumaji wa peke yake alirusha chombo cha kupitisha uzi kwa mkono mmoja akakidaka kwa mwingine, kwahiyo upana wa nguo uliishia pale mikono yake inapofika, na wustedi nyingi zilikuwa nyembamba zaidi ya hapo. Kupata mfarishi wa mita mbili na nusu ilibidi waunge mapana matatu au zaidi, wakaunga kwa mkono vizuri mno halafu maua yakapita juu ya kiungo bila aibu, jicho likasahau. Ukikipata kiungo kitazame kwa lenzi: mshono wa mkono unayumba kidogo, wa cherehani hauyumbi. Cherehani ziliingia majumbani Marekani baada ya 1850, kwahiyo kiungo cha cherehani kingeniambia nibadilishe jibu langu lote.

Na kwa nini mkubwa hivyo? Kwa sababu kitanda. Kwenye nyumba ya wakati huo kitanda pamoja na mapazia na matandiko yake kilikuwa kati ya mali za bei kubwa kabisa, mara nyingi kiliwekwa sebuleni wageni wakione. Mfarishi uliteremka pande tatu mpaka karibu na sakafu. Kama ule wako pembe mbili za miguuni zimekatwa, umbo kama herufi T, usidhani mtu aliiba kipande, zilikatwa makusudi ili mfarishi upite kati ya nguzo za kitanda. Ukiona pembe zimekatwa ni dalili nzuri sana ya umri.

Tuje kwenye ushonaji, hapa nitakaa, manake najua ndo unapopataka.

Fremu ilikuwa miti minne tu. Miwili mirefu yenye utepe wa kitambaa uliopigiliwa misumari, miwili mifupi ya kuvuka, pembeni inafungwa kwa kamba au vigingi, halafu yote inakalishwa juu ya migongo ya viti vinne. Mgongo wa mfarishi unashonwa kwenye ule utepe mpaka ukaze kama ngoma. Juu yake inatandazwa sufu iliyochambuliwa, tabaka jembambajembamba zikipandana kama makuti, lazima ilingane, ukiacha tundu hapo patakuwa baridi na patazama. Kisha uso. Kisha wanapiga bandi kingo zote, mishono mirefu ya kushikilia kwa muda. Watu wanakaa pande mbili wanatazamana, wanashona kutoka ukingoni, mkono usipofika tena wanaviringisha upande uliokwisha kwenye mti na kusogea. Kwahiyo kazi inaanzia nje inaelekea ndani, na ukiangalia vizuri mifarishi mingi utaona katikati mambo hayajakutana sawasawa, jani limebanwa au ua limeongezewa tumbo ili kufukia pengo. Mimi napenda hapo kuliko mahali pengine popote. Pale ndo unaona mtu akifikiri.

Mchoro walichora kwa chaki, au kwa njia ambayo kwenye wustedi inafanya kazi ajabu: unakwaruza kwa ncha ya sindano. Ile sura iliyolazwa na joto inashika mkwaruzo kama nta, unaona mstari wa kutosha kushona, na baada ya muda unapotea. Hakuna doa wala cha kufuta. Maua yenyewe ni yale makubwa kabisa, nanasi, komamanga, tulipu, mikunjo ya manyoya ya ndege inayotambaa kama mzabibu kuzunguka ukingo, mara nyingi mti mmoja unaotoka kwenye chungu au moyo chini na kupanda kujaza kitanda chote.

Lakini ua si kazi. Kazi ni uwanja. Ua lenyewe limeachwa na nafasi ndani ili sufu ivimbe, na kila kisicho ua kinajazwa mistari ya mshazari iliyokaribiana, au vyumba vya almasi, ili kilale chini. Uso unaong'aa ukilala na kuinuka hivyo mwanga unakuchorea picha bila rangi ya pili. Usiku wa mshumaa hebu fikiria. Sasa piga hesabu na mimi: chukua mfarishi wa mita 2.4 kwa 2.4, weka mistari kila sentimita moja kote, hiyo ni mistari 240, kila mmoja mita 2.4, jumla mita 576 za mshono. Kwa mishono 3 tu kwa sentimita unapita 172,000. Na kuna yenye mistari ya nusu sentimita.

Ndo maana sikubali kirahisi ile picha ya akina mama kukusanyika alasiri moja wakacheka wakamaliza. Mikusanyiko ilikuwepo: mkunga mmoja wa Maine, Martha Ballard, aliandika shajara kuanzia 1785 mpaka 1812, na Novemba 1790 anasema mabinti zake walialika majirani, wanawake 15, wakaanza saa tisa alasiri wakatoa mfarishi kwenye fremu saa moja jioni, halafu vijana wa kiume 12 wakaja chai na wakacheza dansi kidogo. Nzuri sana. Ila watu 15 kwa saa nne ni saa 60, kwa saa 60 unapata mistari mipana ya kushikilia sufu basi. Mfarishi kama wa huyo bibi, ukiwa na uwanja wa karibu karibu, ulikaa kwenye fremu miezi, watu wawili watatu wenye mkono unaofanana. Jaribu kuona kama mkono unabadilika upande mmoja na mwingine. Mishono mirefu upande wa kushoto, mifupi kulia, hapo wamekaa watu wawili.

Uzi wa kushonea angalia kama ni kitani au sufu iliyosokotwa mbili, vyote vilitumika. Mshono ni ule wa kawaida wa kuingia na kutoka, hakuna siri, hakuna fundo linaloonekana. Bibi yangu Tanga alikuwa anashona kofia za viua, vitambaa viwili vimeshikanishwa na sindano inapita maelfu ya mara mpaka kofia inasimama yenyewe, na siku ya kwanza nilipoona mgongo wa mfarishi wa sufu nilicheka peke yangu, nikasema huyu mama wa Connecticut na bibi yangu wangekaa mkeka mmoja wangeelewana bila mkalimani.

Umri sasa. Mifarishi ya namna hii ilishonwa New England tangu katikati ya miaka ya 1700 mpaka kama 1830 na kitu. Kwa hivyo "kabla Marekani haijawa nchi" inawezekana, lakini mingi iliyobaki ni ya baada ya uhuru. Watu wanashangaa, walipigana na Mwingereza halafu wakaendelea kununua kitambaa chake? Waliendelea. Sheria ya sufu ya Uingereza ya 1699 ilikataza makoloni kuuziana vitambaa vya sufu kutoka koloni moja kwenda jingine, haikukataza mtu kufuma cha nyumbani kwake, na wakati wa migomo ya kutonunua bidhaa za Uingereza, miaka ya 1760 na 1770, kuvaa cha nyumbani ikawa siasa. Lakini mtambo na ujuzi wa kung'arisha wustedi haukuhama kwa hotuba. Kilichohama haraka ni kuchambua sufu: ndugu wawili kutoka Yorkshire, John na Arthur Scholfield, walifika 1793, na miaka michache baadaye mashine za kuchambua za nguvu za maji zilikuwa zinaenea, unapeleka manyoya yako unarudi na sufu tayari. Kwahiyo hata ule ujazo wa katikati usiape kwamba ni wa mkono.

Kilichoiua mifarishi hii kipo mlangoni kwako hapo Lowell. Viwanda vya pamba. Cha kwanza pale kilianza kutoa kitambaa 1823, na ndani ya miaka kumi na tano hivi kalikoo, pamba nyepesi iliyochapwa maua, ilikuwa rahisi kiasi kwamba hakuna binti aliyetaka kulala chini ya sufu nyeusinyeusi yenye uzito wa mbuzi. Viraka vya pamba vikachukua kitanda. Na pamba hiyo ya Massachusetts, dadangu, sisi tunaijua. Mkataba wa Sayyid Said na Wamarekani ulikuwa 1833, balozi wao mdogo wa kwanza Unguja, Richard Waters, aliyefika 1837, alikuwa mtu wa Salem, mji wa bandari wa Massachusetts, na jora zilizoshuka kwenye meli za Salem wazee wetu wakaziita merikani, jina likasafiri mpaka bara. Yaani kitambaa kilichofukuza mfarishi wa bibi yako ndo kile kilichomvisha babu yangu. Nilipoligundua hilo nilikaa chini.

Turudi kazini. Kuutunza: vumbi lake livute kwa vakyumu ya nguvu ndogo, weka wavu laini wa neti ya mbu juu ya mfarishi kwanza ili kisivutwe kitu, pole pole, mbele na mgongo. Ukiona vitundu na vijinyuzi kama utando, hao ni nondo, na anayekula si yule anayeruka, ni kiluwiluwi wake, anakula sufu yenyewe. Usiweke zile dawa nyeupe za mviringo za kabatini, ni sumu kwa mzee anayepumua mle ndani. Ufunge mfarishi kwenye plastiki bila hewa nyingi, uingie friza ya nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri wiki mbili, ukitoa usifungue mpaka upate joto la chumba, siku nzima, la sivyo unyevu utatua kwenye sufu na tumeshasema maji ni nini. Baada ya hapo usiukunje, uviringishe uso ukiwa nje kwenye bomba pana la karatasi lililofunikwa, na kwa kufunikia tumia pamba nyeupe isiyo na rangi iliyofuliwa mara mbili, merikani kabisa. Mbali na dirisha. Plastiki ni ya friza tu, si ya kuhifadhia.

Wewe kushona wako: unaweza, na usianze na kitanda. Tafuta kitambaa cha suti cha sufu tupu, chepesi, kilicholaini juu, rangi moja iliyokoza, nusu mita inatosha. Mgongo tafuta flaneli ya sufu iliyolegea. Ujazo wa sufu kwa huko Massachusetts utaupata bila shida, ila nunua mwembamba, wanaoanza wote wananunua mnene halafu sindano haipiti wanalaumu macho. Sindano fupi, kastabani kwenye kidole cha kati (subana kama ndivyo mnavyoita kwenu), mkono wa kushoto unakaa chini ya fremu ukipokea ncha, ndiyo utachomwa, baada ya wiki ngozi itazoea. Jaribu kukwaruza mstari kwa sindano kabla ya kuchukua chaki uone. Shona manyoya ya ndege, mkunjo mmoja tu, kisha ujaze uwanja wote kwa mistari ya sentimita moja. Usiruke uwanja. Ukiuruka utapata ua lililovimba kwenye kitu kilichovimba, na hakuna kitakachoonekana.

Kama bibi atakubali, nitumie picha nne: mgongo mzima, kiungo kwa karibu na rula pembeni, pembe ya miguuni, na pale katikati ambapo mchoro haukukutana. Na huko mgongoni tafuta herufi ndogo zilizoshonwa kwa mishono ya msalaba, mbili au tatu, pengine na namba. Blanketi za nyumba zilitiwa alama hivyo, herufi za jina la mwenye mali, na mgongo ukiwa umeungwa kwa blanketi kuukuu herufi hubaki zimejificha pembeni. Ukizipata, muulize bibi jina la ukoo la mama wa mama yake kabla hujamwambia umeona nini.